Ukungu wa Makusudi: Saa Tano za Kwanza Ndani ya Silent Hill 2 Mpya

Maneno haya niliyasema mbele ya wapenzi wa michezo ya video. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Ndugu zangu, habari za jioni.

Naanzia chooni, kwa sababu gemu yenyewe, Silent Hill 2, inaanzia chooni. Ni choo cha umma kando ya barabara, mahali ambapo wasafiri husimama kutazama ziwa. Vigae vimechafuka, mwanga ni hafifu. Mwanamume amesimama mbele ya kioo, kiganja kiko usoni, anakishusha polepole kana kwamba anahakiki kwamba uso bado upo. Anaitwa James Sunderland. Mkewe, Mary, alifariki kwa maradhi miaka mitatu iliyopita. Sasa James amepokea barua, na barua hiyo ina jina la Mary. Inamwambia kwamba anamsubiri katika mji wa Silent Hill, mahali pao pa pekee.

Hivyo ndivyo Silent Hill 2 ilivyoanza mwaka 2001, na hivyo ndivyo inavyoanza tena katika toleo lililojengwa upya na kutoka tarehe 8 Oktoba 2024. Kioo ni kilekile, na mkono ni uleule. Nilipoliona tukio hilo nilitambua kwamba nimekaza pedi ya kuchezea gemu kwa mikono miwili wakati hakuna kitufe chochote cha kubonyeza.

Nimecheza saa tano tu. Nasema hivyo mapema ili mtu asitegemee hukumu ya mwisho kutoka kwangu. Niliyo nayo ni yale yaliyonipata katika saa hizo tano, na swali moja nililoingia nalo. Kwa ambao hamjui kisa kinaishia wapi, sitakitaja. Mwisho wa kisa hiki ni haki ya mtu kuufikia kwa miguu yake mwenyewe.

Swali langu linahusu ukungu, na ili lieleweke inabidi nirudi nyuma kidogo.

Silent Hill ya kwanza ilitoka mwaka 1999 kwenye PlayStation ya kwanza. Mashine ile haikuwa na nguvu ya kuchora mji mzima kwa mpigo mmoja. Ukitaka mchezaji aone mtaa hadi mwisho wake, mashine inachoka, picha inakwama. Kundi la watengenezaji wa kampuni ya Kijapani ya Konami, lililokuja kujulikana kama Team Silent, likaufunika mji: mchana ukungu, usiku giza. Nyumba iliyo mbele yako haikuhitaji kuwepo mpaka uikaribie. Udhaifu wa mashine ukafichwa, na kilichotumika kuuficha kikawa ndicho kitisho chenyewe. Mchezaji hakujua kwamba analindwa asione pengo. Alichojua ni kwamba kuna kitu mbele na hakioni.

Miaka miwili baadaye ikaja ya pili, kwenye PlayStation 2, mashine yenye nguvu zaidi kwa mbali. Ukungu ukabaki. Hapo ndipo ulipoacha kuwa dawa ya ugonjwa ukawa lugha. Masahiro Ito akachora viumbe ambavyo huwezi kueleza umevichukia kwa sababu gani. Akira Yamaoka akatunga muziki ambao unaweza kuwa wimbo wa huzuni dakika hii na kelele za kiwanda dakika inayofuata. Na vyote hivyo vikakaa nyuma ya pazia la kijivu.

Kisha ikaja 2012. Gemu ya pili na ya tatu zikang'arishwa na kuuzwa pamoja kwa mashine za wakati ule. Hapa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Kung'arisha ni kuchukua kitu kilekile, kukipa picha kali zaidi na kukirudisha dukani. Kujenga upya ni kubomoa hadi msingi, ukabaki na ramani na kumbukumbu, kisha ukanyanyua kuta mpya. Kazi ya 2012 ilikuwa ya kung'arisha, na waliopewa kazi hiyo walikabidhiwa msimbo wa gemu ambao haukuwa ule wa mwisho. Matokeo yake ukungu ukatoka mwepesi mno. Watu wakaanza kuona yale ambayo ukungu ulikuwa umeyasitiri: kingo za mji, mahali ambapo dunia ya gemu inakoma kama ubao uliokatwa kwa msumeno. Picha ilikuwa safi zaidi, na hofu ikayeyuka. Wapenzi wa gemu hii hawajasahau hadi leo, na mimi ni mmoja wao. Niliwahi kuliona toleo lile kwa rafiki, tukatazamana, hakuna aliyesema kitu.

Sasa mnaelewa niliingia na swali gani. Hii ya 2024 imetengenezwa na Bloober Team, studio ya Kraków, Poland, kwa kutumia Unreal Engine 5, programu ya kujengea gemu. Nguvu iliyopo leo ingeweza kuuonyesha mji wa Silent Hill dirisha kwa dirisha, hadi upande wa pili wa ziwa. Hakuna tena udhaifu wa kusitiri. Je, mtu mwenye uwezo wa kuonyesha kila kitu atakubali kuficha?

Wasiwasi haukuwa wangu peke yangu. Bloober walijulikana kwa kazi kama Layers of Fear na The Medium, gemu za kutembea na kushtuliwa, na wengi waliamini hawataweza kubeba mzigo huu. Vionjo vya mapigano vilipotolewa kabla ya gemu kutoka, mitandaoni watu walivirarua. Jambo lililonitia moyo kidogo ni kwamba Ito na Yamaoka wenyewe walirudi kushiriki. Mwenye nyumba akiwepo wakati wa ujenzi, angalau atasema mlango ulikuwa wapi.

Basi, nikatoka chooni.

Mbele ya choo kuna maegesho, gari la James mlango wazi, na chini yake ziwa lisiloonekana vizuri. Pembeni kuna ngazi na njia inayoshuka msituni kuelekea mjini. Waliocheza la zamani wanaikumbuka njia hii, kwa sababu ni ndefu kupita kiasi. Unatembea, na unatembea. Hakuna adui, hakuna silaha, hakuna wa kuzungumza naye. Katika gemu yoyote nyingine mtu angesema imekosewa. Lakini kadiri unavyoshuka unahisi kwamba umeshaenda mbali mno kiasi kwamba kurudi kwenye gari si jambo tena la kufikiria.

Nilikuwa nimejiandaa kuikuta njia hiyo imefupishwa. Leo watengenezaji wengi huogopa kwamba mchezaji akikaa dakika mbili bila kufyatua risasi atazima. Hawakuifupisha. Mbali na hilo, wameipa uhai. Nilivaa hedifoni, na ninawasihi mfanye hivyo: majani yanalowa chini ya viatu, sauti ya kokoto inatofautiana na sauti ya matope, na mahali fulani kulia kwangu tawi likavunjika. Nikasimama. James naye akasimama, kwa sababu mimi ndiye miguu yake. Kimya. Nikaigeuza kamera nyuma, nikaona miti na ukungu. Nikaendelea, na baada ya hatua chache nikageuka tena.

Hapo nikaupata ukungu wenyewe. Ule wa zamani ulikuwa pazia la kijivu lililosimama. Huu unatembea. Unapita mbele ya nguzo ya taa, unaifunika, unaiachia. Niliingia barabara ya kwanza ya mji nikaona mtu amesimama kando ya njia, mabega yameinama. Nikaenda polepole, pumzi nimeibana. Kilikuwa kibao cha barabarani, na tawi limekiegemea. Hakuna aliyeliweka tukio hilo kwenye orodha ya mitego. Ukungu ulinipa umbo, mimi nikalijaza mwenyewe. Kwangu hilo ndilo jibu la kwanza la swali langu, na ni jibu zuri: wamekubali kuficha, na sasa wanaficha kwa makusudi, wala hawalazimiki.

Kuna kitu kingine kilichokuwa kikificha katika gemu ya zamani, nacho hakipo tena. Ni kamera.

Mwaka 2001 kamera haikuwa yako. Ndani ya majengo ilikuwa imetundikwa mwisho wa korido, au juu karibu na dari, na ilimtazama James akija. Ulimwona yeye, lakini hukuona anachokiona. Ungesikia kitu kikikwaruza sakafu upande ule ambao kamera imekataa kuuonyesha, na ukalazimika kwenda huko ukiwa kipofu. Ilikuwa kama kuna mtu wa tatu, mahali fulani ukutani, anayewatazama nyinyi wawili na hasemi. Wengi walilalamikia kamera zile. Mimi nilizipenda, na nilizikosa tangu dakika ya kwanza.

Sasa kamera imekaa nyuma ya bega la James, kwa mtindo ulioenea sana baada ya Resident Evil 4, gemu nyingine ya kutisha, ya mwaka 2005. Unachokiona ni kile anachokiona yeye. Nilidhani hapo ndipo watakapoanguka, kwa sababu umempa mchezaji macho. Saa ya tatu ndipo nilipoelewa walichofanya. Hofu imehama. Zamani ilikuwa mbele, kwenye sehemu ambayo kamera haikuonyesha. Leo imehamia mgongoni. Kila unapochagua kutazama kitu umechagua kutotazama kingine. Ukiinama juu ya droo kutafuta risasi, mlango ulioingilia uko nyuma yako. Ukisoma karatasi ukutani, korido nzima iko nyuma yako. Nilijikuta naingia chumbani kinyumenyume, gemu ya pili maishani mwangu kunifanya hivyo, na hapo hakukuwa na kitu chochote chumbani.

Je, kamera mpya ni bora kuliko ya zamani? Siwezi kusema hivyo. Yule mtu wa tatu ukutani ametoweka, na pamoja naye imetoweka hisia ya kwamba mji wenyewe unakutazama. Tulichopewa badala yake ni ukaribu. Ni biashara ya haki, lakini ni biashara. Kitu kimetolewa ili kingine kipatikane.

Ukaribu huo unaonekana zaidi kwenye nyuso. Katika makaburi yaliyo mwisho wa ile njia ya msituni, James anamkuta msichana aitwaye Angela, amechuchumaa mbele ya jiwe la kaburi. Anashtuka, anaomba radhi bila kuwa na kosa. Anasema anamtafuta mama yake. Mwaka 2001 mazungumzo hayo yalisemwa kwa namna ya ajabu, maneno yakiachana kwa mapengo marefu, mmoja akijibu kama vile hakumsikia mwenzake. Ilikuwa kama ndoto ambayo watu wanazungumza bila kukutana. Wapo waliosema ni uigizaji mbovu. Mimi niliona ni sauti ya mji ule.

Katika toleo jipya, James anaigizwa na Luke Roberts, na uso wake unafanya kazi kubwa. Angela anapomwambia kwamba kuna kitu kibaya mjini, James anasikiliza, kisha macho yanahama kidogo kwenda pembeni, kwa sababu hakuja hapa kusikiliza. Haisemwi. Inaonekana kwenye misuli ya shavu tu. Na Angela anavuta mkono wa sweta yake hadi kufunika vidole, anauachia, anauvuta tena. Nilimhurumia kwa namna ambayo sikuwahi kumhurumia miaka yote ile, nilipokuwa namtazama kama sehemu ya fumbo. Ndoto imepungua, binadamu ameongezeka. Kwa tukio hili nakubali mabadilishano hayo bila kusita.

Mjini, James anafuata kivuli kilichopita kwenye ukungu na damu iliyoburuzwa barabarani, na njia inamfikisha ndani ya nyumba iliyoachwa. Humo anapata redio ndogo ya mkononi. Nawaomba tukae kidogo kwenye redio hii, kwa sababu naona ni moja ya mawazo makubwa kabisa katika historia ya gemu za kutisha.

Redio inakwaruza kiumbe kikiwa karibu. Ni hivyo tu. Ukiieleza kwa mtu, atasema basi hofu imekwisha, maana unaonywa. Lakini sikilizeni inavyofanya kazi. Redio inakwambia kwamba kipo. Haikwambii kiko wapi, wala ni kimoja au vitatu, wala kinakuja au kimelala. Inakupa nusu ya habari, na nusu ya habari inatisha kuliko kutokuwa nayo kabisa. Mtu asiyejua lolote anatembea. Mtu anayejua nusu anasimama katikati ya barabara, anazunguka kama dira iliyoharibika, na risasi zake ni sita.

Kiumbe cha kwanza ni kile kinachoonekana kama mtu aliyefungwa ndani ya ngozi yake mwenyewe, mikono imenaswa kifuani, anayumba anapotembea. Ukimwangusha anatambaa chini kwa kasi ambayo hukuitegemea. Kifuani kwake hufunguka na kutema ukungu wa sumu. James anaokota ubao wenye misumari, na mapigano yanaanza.

Hapa nina mengi ya kusema, mazuri na yasiyo mazuri.

James si askari. Ubao ni mzito na unaona ni mzito: mwili mzima unazunguka nao, na akikosa anabaki wazi kwa nukta moja ndefu. Kuna kitufe cha kukwepa, na nilichokipenda ni kwamba hapigi chenga kama mchezaji wa mpira. Anajitupa pembeni ovyo, karibu aanguke. Picha inakuwa nyekundu pembeni akiumia, pedi inatetemeka mikononi. Hakuna mstari wa kijani juu ya skrini kukwambia amebakiwa na uhai kiasi gani. Unamsikiliza anavyopumua. Kwa pambano moja, mbele ya kiumbe kimoja, sijui kama nimewahi kucheza kitu kinachobana kifua namna hii.

Tatizo ni pambano la ishirini. Viumbe ni wengi kuliko ninavyokumbuka, na nilipofika kwenye majengo ya ghorofa nilikuwa nimeshajifunza: piga mara mbili, kwepa, piga mara mbili, maliza akiwa chini. Mkono ulikuwa umezoea, na mkono ukizoea moyo unatulia. Kiumbe ulichokiua mara kumi na tano unakijua, na ukungu hauwezi tena kukuficha kitu unachokijua. Ningekuwa na sauti katika chumba cha watengenezaji ningewaomba waondoe theluthi moja ya viumbe wa barabarani na kuwaacha waliobaki watutishe vizuri.

Lalamiko langu la pili ni vioo. Unaweza kuvunja madirisha ya magari na ya maduka na kuchukua risasi au chupa ya dawa iliyo ndani. Inapendeza mara ya kwanza. Mara ya kumi unakuwa hutembei tena katika mji wa mkewe James. Unapita gari moja hadi jingine ukichungulia viti. Vitambaa vyeupe vimetundikwa mahali unapoweza kupanda au kupenya, navyo vinakusaidia usipotee, lakini kupotea kidogo ndiko nilikokuja kutafuta. Nilizima alama zote ambazo mipangilio iliniruhusu kuzima, na gemu ikawa bora papo hapo. Fanyeni hivyo pia. Na jambo jingine zuri: kiwango cha ugumu wa mapigano na cha mafumbo unakichagua kimoja kimoja, kama ilivyokuwa tangu 2001. Mtu mwenye mikono mizito na akili nyepesi ana nafasi yake, na kinyume chake.

Nimetaja mafumbo. Yapo kadhaa mapya, na moja limenikaa moyoni. Katika baa ya Neely's kuna mashine ya zamani ya kuchezea santuri, haifanyi kazi. Inabidi uzunguke mitaa katika ukungu kutafuta vinavyokosekana, na miongoni mwake ni santuri iliyovunjika ambayo lazima uunganishe vipande vyake. Mwisho unairudisha mashineni, sindano inashuka, muziki unajaza baa tupu yenye viti vilivyopinduliwa. Nilikaa nikausikiliza hadi ukaisha. Baada ya saa nzima ya mikwaruzo ya redio na hatua za peke yangu, wimbo wa kawaida ulisikika kama mtu amenishika bega. Halafu ukanyamaza, na baa ikawa tupu kuliko ilivyokuwa.

Ramani nayo. James anaiandika kwa mkono. Ukijaribu mlango ukakuta umefungwa, anauchora alama nyekundu pale pale. Ukikuta fumbo, anaandika. Baada ya saa moja kwenye jengo, ramani yako imejaa milango iliyokukataa. Hili lilikuwepo zamani pia, na namshukuru aliyeamua lisiguswe, kwa sababu ndilo linalonifanya nimwamini James. Mtu anayeandika hivyo anajitahidi asichanganyikiwe.

Basi tuingie kwenye yale majengo ya ghorofa, Wood Side, maana huko ndiko saa zangu tano ziliishia.

Giza ndani ni la kweli. Skrini yangu niliirekebisha kwa kufuata maelekezo ya mwanga mwanzoni mwa gemu, na katika korido za ghorofa ya chini sikuona mkono wa James. Kurunzi unaipata ndani ya chumba kimoja, imewekwa kwenye mdoli wa kuvalishia nguo, na mdoli huo umevishwa nguo za mwanamke. James anazitazama nguo hizo kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Mnaoijua gemu mnajua kwa nini. Wengine, litunzeni hilo.

Anaibandika kurunzi kifuani, na sasa una duara la mwanga mbele yako, na giza kila mahali pengine. Nilidhani kurunzi ingenipa nafuu. Ilifanya kazi ileile ya redio, nusu ya habari. Inaonyesha kipande cha ukuta vizuri kabisa, pamoja na kila doa la unyevu na kila karatasi ya ukuta iliyobanduka, na kwa kufanya hivyo inakuhakikishia kwamba vingine vyote huvioni.

Katika vyumba hivyo kuna viumbe vyenye umbo la midoli ya dukani, jozi mbili za miguu zilizounganishwa kiunoni, hakuna kichwa. Katika toleo jipya havikufuati mpaka uvikaribie. Vinasimama. Nyuma ya kabati, pembeni ya kitanda, kwenye kona ambayo mwanga umeigusa na kupita. Niliingia chumba kimoja, nikamulika kushoto, nikamulika kulia, nikaona meza, taa ya kusimama, kiti. Nikageuka kutoka. Kisha nikajiuliza taa ya kusimama gani ina magoti.

Sikurudi kuhakiki. Nilifunga mlango.

Mbele kidogo, korido imekatwa na nondo za chuma kutoka sakafuni hadi darini, na upande wa pili kuna mwanga mwekundu. Ndani ya mwanga huo amesimama yeye, Pyramid Head, kichwa cha chuma cha pembetatu kinachomlemea shingo. Mwaka 2001 alisimama vilevile, mahali kama hapo, bila kufanya chochote. Niliwahi kuwaeleza watu kwamba lile ndilo tukio la kutisha kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye skrini, na wakaniuliza anafanya nini, nikasema hafanyi kitu, wakanitazama.

Kati ya gemu ile na hii imepita miaka 23. Mashine zimepata nguvu ya kumfanya aruke, avunje nondo, angurume hadi masikio yazibe. Studio iliyopewa jina la kushtua watu ilikuwa na kila sababu ya kumtumia hivyo. Nilisimama upande wangu wa nondo nikisubiri wakosee. Redio ilikuwa inakwaruza. Niliona kutu kwenye kingo za chuma kile. Niliona kifua chake kikipanda na kushuka, au nilidhani nimekiona. Mwanga mwekundu haukutosha kunihakikishia.

Hakusogea. Mimi ndiye niliyesogea, hatua moja nyuma, halafu nyingine, bila kumpa mgongo, hadi nikaipita kona. Nikaenda kwenye ule mraba mwekundu ukutani ambapo gemu inahifadhiwa, nikahifadhi, nikavua hedifoni. Nimebakiwa na risasi tisa, chupa mbili za dawa na ubao wenye misumari. Nikitoka hapa narudi nyumbani kuendelea, na njia pekee iliyobaki kwenye ramani yangu bila alama nyekundu inapita upande ule wa nondo.